Asili ya Neno na Ukweli wa Neno

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu msemo huu hutajwa kwa ajili ya ukoo na mila, lakini wako wapenzi wa lugha wanaouhamishia kwenye maneno. Kwao, ajuaye shina la neno ndiye ajuaye maana yake, na asiyelijua ni mfano wa kasuku. Dai hili lastahili kupimwa, na hapana mahali bora pa kulipimia kuliko Kiyunani, lugha ambayo karibu kila fani ya elimu imekopa kwake.

Hapana shaka, kujifunza lugha hiyo kuna utamu wake. Msomaji aliyezoea Kiingereza hugundua kwamba maneno aliyoyadhani kuwa mawe matupu yana viungo ndani yake. "School" latokana na skhole, yaani wasaa, muda wa mtu asiyebanwa na kazi. Mtoto wa Bara aendaye shule, neno lililopitia kwa Wajerumani, na mwenzake wa Unguja aendaye skuli, neno lililopitia kwa Waingereza, wote wawili huenda kwenye wasaa wa Wayunani, ingawa ratiba yao haina wasaa hata kidogo.

Tamu zaidi kwa mshairi ni "rhapsody". Limeunganishwa na rhaptein, kushona, na oide, wimbo. Rhapsodos, aliyeghani tenzi za Homer mbele ya watu, alikuwa mshona nyimbo. Kitenzi hicho hicho kimo katika jina la Rhapta, mji wa biashara wa mwambao huu uliotajwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1. Mwandishi wake aeleza kwamba jina lilitokana na mashua zilizoshonwa. Mtepe wa Lamu nao ulishonwa kwa kamba, bila misumari. Na Waswahili hutunga shairi kama watungavyo ushanga. Hapa hakuna aliyemkopa mwenziwe. Watu wawili walio mbali waliiona kazi moja kwa jicho moja.

Lakini utamu si hoja. Neno "etimolojia" lenyewe limejengwa juu ya etymos, yaani kweli, kana kwamba kuchimba neno ni kuuchimba ukweli. Plato aliliweka shauri hili katika mjadala uitwao Cratylus. Cratylus ashikilia kwamba jina huambatana na kitu kwa maumbile; Hermogenes asema ni mapatano ya watu tu. Socrates huyachambua maneno mengi, mengine kwa mzaha, na mwishowe aona ni bora kuvijua vitu kwa vitu vyenyewe kuliko kwa majina yake.

Historia imempa haki Socrates. Mwaka 1777 Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, aliibunia gesi moja jina la "oxygène", kizaa-ukali, akidhani kwamba kila asidi inayo. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akaonyesha kwamba asidi ya hidrokloriki haina oksijeni kabisa. Jina likabaki, na mapafu hayakuuliza maana yake.

Kosa hilo halikumdhuru mtu. "Hysteria" ni jambo jingine. Shina lake ni hystera, tumbo la uzazi, kwa kuwa maandiko ya uganga wa kale yalidai kwamba tumbo hilo likihamahama mwilini humtaabisha mwanamke. Dai lilikuwa uongo, jina likadumu, na dhiki za wanawake wengi zikapewa sababu kabla ya kusikilizwa. Ilikuwa mwaka 1980 ndipo mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili ulipoacha kuitambua histeria kuwa ugonjwa unaojitegemea.

Nako mwambaoni, mara ngapi imesemwa kwamba Kiswahili si lugha ya Kiafrika kwa kuwa kina maneno ya Kiarabu? Asemaye hivyo na ayatazame maneno hayo. Falsafa ni philosophia, kanuni ni kanon, karatasi ni khartes, almasi ni adamas. Kiarabu kiliyapokea, nacho Kiswahili kikayapokea kwa Kiarabu. Ikiwa asili ni hati ya miliki, basi falsafa si ya Waarabu pia. Na Kiingereza, chenye "philosophy", "canon", "chart" na "diamond" kutoka mashina yayo hayo, kitakuwa lugha ya nani? Hakuna anayekivua Uingereza wake. Ukoo wa lugha hutambuliwa kwa sarufi kuliko kwa mikopo, na ngeli na vitenzi vya Kiswahili ni vya Kibantu.

Asili, basi, si bure. Hueleza neno limepita mikono ya nani, na nani alikutana na nani katika soko gani. Lakini haimwambii msemaji alitendee nini leo. Dhamana hiyo ni yake mwenyewe. Idiotes kwa Wayunani alikuwa mtu wa kawaida, asiyeshika madaraka ya umma. Anayemwita mwenzake "idiot" leo amemtusi, wala Kiyunani hakitamtetea.