Pumzi Tuliyopewa

Mwanzo 2:7 yatukumbusha kwamba uhai wetu ulianza kwa pumzi ya Mungu. Lakini hapa Muscat, joto la Julai, zamu za usiku na simu za nyumbani kuhusu ada hutufanya tuheme juujuu, hata usingizi ukatukimbia.

Kabla ya kulala tukae wima, tuvute hewa puani kwa sekunde 4, tumbo lijae, kisha tuitoe taratibu kwa sekunde 6. Dakika 5 zatosha: moyo hutulia, mwili hulegea. Mwenye pumu au presha asiache dawa zake.

Na simu ya nyumbani ikituudhi, tuvute pumzi kwanza ndipo tujibu. Hatukupewa pumzi ili tuwaumize tunaowahangaikia. Amina.