Mtu Akisema, Wanasema Ana Wazimu

Kwa Waluba wa Katanga, Mulopwe hakutawala peke yake. Kulikuwa chama cha Mbudye, ambacho watu wake walichunga kumbukumbu za ufalme juu ya lukasa, ule ubao wa shanga. Wao njo walijua masharti ya ufalme. Mulopwe akivuka mpaka, kulikuwa watu wenye haki ya kumupima. Tunakumbusha jambo hili kwa sababu siasa ya inchi yetu ilishika njia ingine.

Mwaka 1980 wabunge 13 waliandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52. Mmoja wao alikuwa Étienne Tshisekedi, mwenye udoktere wa sheria, na zamani waziri wa Mobutu mwenyewe. Walipata taabu nyingi. Halafu, mwezi wa kwanza 1988, Tshisekedi alikamatwa mu Kinshasa alipotaka kusema na watu, na wakubwa wakatangaza kama akili yake haiko sawa. Wakamutia mikononi mwa waganga wa wazimu.

Tunajiuliza: kwa nini wazimu, na si uongo? Mtu wa uongo, unapaswa kumuonyesha uongo wake. Mwizi anapelekwa mbele ya juji, na kule anaweza kujitetea. Lakini mwenye wazimu hajibiwi. Watu wanamuhurumia ao wanamucheka, basi, na zile kurasa 52 zinabaki mezani bila jibu. Tena haya inaingia mpaka nyumbani kwake, kwa bibi na watoto. Hatusemi kama kila mpinzani ana akili. Wenye kuropoka wako, tunawajua. Lakini anayesema mwenzake anaropoka, aonyeshe ni neno gani.

Mwaka 2019 mtoto wa Tshisekedi alikamata uraisi. Wengi tulifikiri tusi lile litaisha, maana waliolionja njo waliingia. Ni kusahau kama haliko la wakubwa tu. Mu mkutano wetu mmoja, kijana aliuliza franga za michango zilienda wapi. Muzee mmoja akamujibu: «Weye mutoto, kichwa yako haiko sawa.» Tulicheka wote, hata sisi tunaoandika haya. Hesabu haikusomwa siku ile. Ku mkutano uliofuata, kijana hakuja.