Ahadi kwa Asiyeweza Kudai

Methali zetu haziogopi kupingana. Moja yasema, "Hiari yashinda utumwa," na nyingine yasema, "Ahadi ni deni." Ya kwanza yatufundisha kwamba kazi ifanywayo kwa moyo huipita ile ifanywayo kwa kulazimishwa. Ya pili yatukumbusha kwamba moyo peke yake hautoshi, kwa kuwa atoaye neno lake amejifunga, naye anaweza kudaiwa. Baina ya watu wawili methali hizi hupatana bila taabu: mwenye kuahidi akisahau, aliyeahidiwa humwendea nyumbani kwake akamkumbusha. Lakini ikiwa aliyeahidiwa ni samaki wa ziwani, au ndege wa kinamasi, au mti wa mlimani, ni nani atakayebisha hodi kulidai deni hilo?

Swali hili si la kupitisha wakati. Kila inapoonekana kwamba aina fulani ya kiumbe inakaribia kutoweka, wenye mamlaka hutakiwa kuamua kama wataiweka chini ya ulinzi wa sheria, pamoja na makatazo na adhabu zake. Mara nyingi, kabla uamuzi haujatolewa, hujitokeza watu, wakiwa wavuvi, wakulima au wenye viwanda, wakasema: "Msitufunge kwa sheria, sisi wenyewe tutamtunza kwa hiari yetu." Je, ahadi hiyo ipewe uzito gani? Katika makala haya tunakusudia kulipima swali hilo kwa mifano ya mashariki ya Uganda, hasa nchi iliyo baina ya Jinja na Mbale, na mfano mmoja wa ng'ambo.

Miji hii miwili imeunganishwa na maji. Mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria hapo Jinja, ukaelekea kaskazini mpaka Ziwa Kyoga. Mto Manafwa nao hushuka kutoka Mlima Elgon, upande wa Mbale, ukanywesha mashamba ya mpunga ya Doho, ukaingia katika Mto Mpologoma, na maji yake hatimaye hufika Kyoga hiyo hiyo. Kwa hiyo atendalo mkulima wa mlimani na atendalo mvuvi wa Jinja hukutana katika ziwa moja. Kando ya Kyoga kuna maziwa madogo, kama vile Nawampasa, ambamo wataalamu wa utafiti wa samaki wamemkuta samaki ambaye katika Victoria karibu amekwisha. Samaki huyo ni ngege.

Zamani ngege ndiye aliyekuwa bwana wa masoko ya Ziwa Victoria. Nyavu za kutega za kizungu zilipoletwa mwanzoni mwa karne ya 20, uvuvi uliongezeka upesi, na upesi vilevile samaki wakaanza kupungua. Michael Graham, aliyelikagua ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, alishauri kwamba jicho la wavu lisipungue inchi 5, na ushauri huo ukafanywa kuwa sheria. Lakini mvuvi aliyeona mwenzake akipata zaidi kwa wavu mdogo hakuona sababu ya kuitii, na walinzi walikuwa wachache kuliko pwani za ziwa. Katika miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika ziliiondoa sheria hiyo. Katika miaka hiyo hiyo samaki wageni walitiwa katika maji haya: sangara, ambaye wengi Uganda humwita mputa, na sato. Leo ngege amo katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa mujibu wa orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile.

Wapo watakaosema kwamba kisa hiki chathibitisha methali ya kwanza, kuwa sheria isiyokubaliwa na nyoyo ni karatasi tu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Sheria ilipoondoka, hiari haikuja kukaa katika kiti chake. Na huko Nawampasa ngege hakuokolewa na hiari wala na sheria. Aliokolewa na mafunjo. Maji yaliyo chini ya mafunjo yana hewa kidogo mno, na sangara, ahitajiye hewa nyingi, hushindwa kupita. Kinamasi kilimkinga ngege bila ya kuahidi neno lolote.

Siku hizi hata kinga hiyo imo mikononi mwa watu. Mtu mmoja akikata njia katika mafunjo, au akihamisha sangara wachache kwa ndoo, kazi ya miaka mingi yaweza kuharibika kwa msimu mmoja. Serikali haiwezi kusimamisha askari kwenye kila kichaka cha mafunjo. Kwa hiyo hatuwezi kuidharau hiari, kwani mahali pengine ndiyo silaha pekee tuliyo nayo. Uganda yenyewe imejaribu njia zote mbili. Mwaka 2003 kamati za wavuvi wa pwani zilipewa nafasi katika sheria ili zisimamie uvuvi wao wenyewe. Tangu mwaka 2017 wanajeshi wakatumwa ziwani kukamata nyavu na mitumbwi isiyoruhusiwa. Mbinu ya kwanza ilimtegemea mvuvi kwa moyo wake, na ya pili ikamtegemea kwa hofu yake.

Tupande sasa upande wa Mbale. Mlima Elgon ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Watu waliokuwa wakiingia msituni kutafuta kuni, asali, dawa na malewa, yaani machipukizi ya mwanzi yaliwayo sana na Wamasaba, mara wakajikuta wahalifu kwa kufanya yale waliyoyafanya babu zao. Katikati ya miaka ya 1990 palianzishwa mapatano na baadhi ya vijiji: wenyeji wakaruhusiwa kuchukua vitu fulani kwa kiasi, nao wakakubali kuulinda msitu dhidi ya wakataji na wachomaji. Hapa hiari ilipata umbo lililo bora kuliko ahadi tupu. Kila upande ulikuwa na haki ya kudai kwa mwenziwe, na msitu, usioweza kusema, ukapata watu wa kuusemea kwa sababu walikuwa na faida ndani yake.

Hata hivyo, mlima huo huo unatuonyesha hiari iliyopotoka. Wabenet, wakazi wa sehemu za juu za mlima, walihamishwa mwaka 1983, na wengi wao wakajikuta ndani ya mpaka wa hifadhi ilipotangazwa. Ilikuwa mwaka 2005 ndipo shauri lao lilipokwisha mahakamani kwa hukumu ya mapatano iliyotambua kwamba wao ni wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1994, shirika kutoka Uholanzi likishirikiana na wakuu wa hifadhi lilianza mpango wa kupanda miti katika hekta 25,000 kwenye ukingo wa mlima, ili miti hiyo ivute hewa chafu ya viwanda na mitambo ya umeme ya mbali. Mpango ulikuwa wa hiari, na sifa zake zilikuwa nyingi. Lakini katika sehemu zenye ugomvi wa mpaka miti mingi ilikatwa na mahali pake pakapandwa chakula. Miti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuiita hiari kazi ambayo waliojitolea ni wengine, na waliotolewa katika ardhi ni wengine.

Mfano wa tatu uko njiani kutoka Kampala kwenda Jinja, nao ni msitu wa Mabira. Humo yumo kwale wa Nahan, ndege adimu apatikanaye katika misitu michache tu ya Uganda na ya mashariki ya Kongo. Mwaka 2007 palikuwa na shauri la kutoa takriban hekta 7,100 za msitu huo, karibu robo yake, zilimwe miwa. Sheria ya kuulinda msitu ilikuwako tayari, lakini ilikuwa karibu kuwekwa kando. Watu wa kawaida wakaacha kununua sukari ya kampuni iliyohusika. Ufalme wa Buganda na dayosisi ya Kanisa wakajitolea kutoa ardhi yao wenyewe badala ya msitu. Na katika maandamano ya mwezi wa Aprili mjini Kampala watu walipoteza maisha. Shauri hilo likaahirishwa. Hapa hiari haikuja kuomba sheria iondoke, bali ilikuja kuishika sheria mkono isianguke.

Nchi za ng'ambo zina mfano ulioandikwa waziwazi zaidi. Marekani ina sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini, na mwaka 2003 wakuu wake waliweka mwongozo juu ya ahadi za hiari ambazo bado hazijatekelezwa au hazijathibitika. Maswali mawili huulizwa: je, ni yakini kwamba jambo litafanyika? Na je, likifanyika, ni yakini kwamba litafaa? Maswali haya ni mazuri. Lakini mwaka 2012 mjusi mdogo wa vilima vya mchanga vya New Mexico na Texas, nchi ya visima vya mafuta, aliachwa nje ya ulinzi wa sheria kwa sababu wenye ardhi na wenye makampuni walikuwa wameahidi kuyatunza makazi yake. Mwezi wa Mei 2024 mjusi huyo aliandikwa rasmi kuwa yumo hatarini kutoweka. Ilipita miaka 12, na muda wote huo vilima vyake viliendelea kumegwa. Bandubandu, wahenga walisema, huisha gogo.

Twajua kwamba hoja yetu ina mpinzani mwenye akili. Atasema: "Mkulima akiona kwamba hata akijitahidi vipi serikali itamwekea makatazo yaleyale, kwa nini ajitahidi? Atamfukuza korongo shambani mwake kabla mkaguzi hajafika." Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Korongo mwenye taji, ambaye picha yake imo katikati ya bendera ya Uganda, amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini tangu mwaka 2012. Yeye hutaga katika vinamasi, na vinamasi vingi viko nje ya hifadhi, karibu na mashamba ya watu wanaotafuta riziki. Vifaranga vyake vitaishi au vitakufa kwa rehema ya mtoto achungaye ng'ombe na ya baba yake alimaye mpunga. Ahadi ya watu hao ni lazima iheshimiwe, na atendaye wema auone wema wake ukihesabiwa.

Twakubali, lakini kuna tofauti kati ya hiari kupunguza uzito wa mkono wa sheria na hiari kuununua muda. Mkulima ambaye tayari ameacha sehemu ya kinamasi bila kulimwa, na korongo wakaonekana wakiangua humo, anastahili kupunguziwa makatazo, tena anastahili shukrani. Yule asemaye kwamba mwakani ataanza, huyo asikilizwe, atiwe moyo, lakini neno lake lisiahirishe ulinzi. Na kwa maswali mawili ya Wamarekani tungeongeza la tatu: ahadi ikivunjika, ni nani atakayelipa? Katika biashara avunjaye ahadi hulipa fidia. Katika jambo hili avunjaye hapotezi kitu, na asiyeahidi lolote hupoteza kila kitu, tena bila ya kurudi. Serikali ikikosea kwa kumlinda kiumbe ambaye angeokoka hata hivyo, kosa hilo laweza kusahihishwa kesho kwa barua moja. Ikikosea kwa kumwacha, hapana barua ya kumrudisha. Kwa hiyo penye shaka, haki imwelekee asiye na mdomo.

Lakini haki hiyo isisimame juu ya mgongo wa maskini. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema kwamba serikali inashika maziwa, mito, vinamasi na misitu ya hifadhi kwa ajili ya manufaa ya raia wote. Kwa lugha yetu neno lililo sawa na jambo hilo ni amana. Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kumwachia jirani ailinde kwa ahadi tu, wala hana ruhusa ya kumnyang'anya jirani shamba lake akaiita dhuluma hiyo ulinzi. Ikiwa sheria inamtaka Mbenet aache malisho yake, basi sheria hiyo ikae naye chini, imsikilize, na impe kilicho chake.

Sisi tufundishao lugha tuna sehemu yetu ndogo katika shauri hili. Tunapowaambia wanafunzi kwamba fulani "amejitolea", tuwaonyeshe jinsi neno lilivyojengwa. Limetoka katika kitenzi kutoa, na ndani yake mtu anajitoa mwenyewe. Anayetarajia kutoa baadaye ameahidi tu, na anayetoa cha mwenziwe hajajitolea kamwe. Mwanafunzi akiisha kulielewa hilo, aulizwe, awe yuko Jinja au Mbale, maji ya mto wa kwao yanakwenda wapi, na ni viumbe gani wanayoyangoja huko chini.