Kuomba Kuona Sahihi ni Utovu wa Adabu?

Mkubwa akisema jambo limekwisha, sisi tumelelewa kuamini kwamba limekwisha. Baba akishatamka, mtoto hamwambii arudie. Adabu hiyo tumetoka nayo nyumbani tukaipeleka shuleni, kazini, na mwishowe serikalini. Ndiyo maana nikiwaambia wenzangu kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuandika barua na kuomba aonyeshwe ni lini, na kwa njia gani, Rais aliidhinisha sheria fulani, wengine hunitazama kama mgeni aliyekaribishwa chai akaanza kupekua makabati. "Wewe ni nani bwana?" huniuliza. Swali hilo ni zuri kuliko wanavyodhani, nami nataka kulijibu.

Kwanza tuelewane sahihi yenyewe ni kitu gani. Mswada hupita mikono mingi kabla ya kuwa sheria. Husomwa Bungeni, hupelekwa kamatini, wananchi huitwa kutoa maoni, wabunge hubishana kisha hupiga kura. Mengi ya hayo hufanyika peupe: kuna waandishi wa habari, kuna televisheni, kuna Hansadi ambayo huandika hata kelele za waheshimiwa. Halafu mswada hutoka kwa Spika, huenda kwa Rais, na hapo mlango hufungwa. Huko ndani mtu mmoja hushika kalamu. Akishaiweka chini, yale yaliyokuwa maoni ya watu mia kadhaa yamekuwa amri juu ya mamilioni.

Sisi tuliokulia pwani tunajua uzito wa neno "nimekubali". Bwana harusi hulitamka mbele ya mashahidi, na kama hakuna shahidi aliyelisikia, ndoa huwa na shaka hata kama wawili wenyewe wanapendana kufa. Rais naye anapotia sahihi anasema "nimekubali". Ni kweli, mara nyingine tunaalikwa kutazama: kamera zinamulika, wakubwa wamejipanga nyuma ya kiti wakitabasamu, makofi yanapigwa. Lakini picha haituambii mswada ulifika mezani lini, wala kama karatasi zile ndizo zilizopitishwa Bungeni. Shahidi anayeweza kusema hayo ni daftari. Na shahidi anayefichwa, jamani, ana tofauti gani na asiyekuwepo?

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili hewani. Ibara ya 115 inampa Rais siku 14 tangu apokee mswada: ama auidhinishe, ama aurudishe Bungeni akieleza ana wasiwasi na nini. Asipofanya lolote kati ya hayo mawili, siku hizo zikiisha mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Hebu lifikirie hilo vizuri. Sheria inaweza kuzaliwa kwetu bila kalamu kuguswa, kwa hesabu ya siku peke yake. Sasa asiyejua mswada ulipokelewa lini atazihesabuje siku hizo?

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya makarani. Nawakumbusha Juni 2024. Tarehe 25 Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha, vijana waliokuwa barabarani wakaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na wapo waliopigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wale waliokufa walikuwa wanapigania mengi, lakini siku ile yote yalikuwa yamebanwa katika jambo moja: kalamu iguse karatasi au isiguse. Baada ya hapo, sioni mtu atakavyosimama mbele ya mama aliyemzika mwanawe akamwambia kwamba sahihi ni pambo.

Mwaka uliofuata tukapata somo jingine, safari hii la kimya. Tarehe 15 Oktoba 2025 habari zilifika kutoka India kwamba Raila Odinga amefariki. Nchi ikasimama. Siku hiyo hiyo Rais alitia sahihi miswada 8, mmojawapo ukiwa wa kurekebisha sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao. Wengi walipokuja kujua walikuwa bado wanafuta machozi, na uvumi ukashika njia: ati tumeviziwa msibani, ati kilio kimetumiwa kama pazia. Wiki moja baadaye, tarehe 22, Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vya sheria hiyo ya mitandao.

Uzuri au ubaya wa sheria ile nauacha kwa mahakama. Mimi najiuliza ni kitu gani kingeuzima ule uvumi. Hotuba? Hotuba huzaa hotuba nyingine. Jibu liko katika mstari mmoja wa daftari: siku mswada ulipopokelewa. Kama ulikuwa umekaa mezani siku 13, basi muda ulikuwa unayoyoma na mtiaji sahihi hakuwa na nafasi ya kungoja matanga yaanuliwe. Kama ulikuwa umefika juzi yake tu, basi lile swali la "kwa nini leo?" lina haki ya kuendelea kuulizwa. Kwa vyovyote vile, mstari huo ungemtendea haki Rais kama anasingiziwa, na ungetutendea haki sisi kama hatukusikia vibaya. Tumezoea kusema lisemwalo lipo. Lakini mengi husemwa kwa sababu anayejua amenyamaza.

Jambo hili la idhini tulilirithi, tena kwa watu wanaopenda sherehe. Kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964, kabla Kenya haijawa jamhuri, miswada yetu iliidhinishwa na Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia wa Uingereza. Huko kwao hakuna mfalme wala malkia aliyekataa kuidhinisha mswada tangu Malkia Anne mwaka 1708, na kwa hiyo watu walizoea kusema kwamba yote ni desturi tu. Ila huko kuna ridhaa nyingine, ambayo huombwa kabla mswada haujamaliza safari yake Bungeni ikiwa unagusa mali au mamlaka ya ufalme. Nayo pia iliitwa desturi tu. Mwanazuoni mmoja wa sheria akaomba, kwa kutumia sheria yao ya uhuru wa habari, aonyeshwe mwongozo ambao wanasheria wa serikali huufuata. Serikali ikapinga. Mwaka 2013 mwongozo ukatoka. Ikajulikana kwamba miswada isiyopungua 39 ilipitia katika chujio hilo, na kwamba mwaka 1999 mswada uliotaka Bunge ndilo liidhinishe mashambulizi ya kijeshi dhidi ya Iraq ulinyimwa ridhaa hiyo kwa ushauri wa mawaziri. Ni nani angeuona upana wa hayo kwa kukaa na adabu zake nyumbani?

Sasa nisikilize upande wa pili, maana una hoja. Jamaa mmoja tunayekunywa naye kahawa jioni aliniuliza: "Ukishaiona hiyo sahihi, unga utashuka bei?" Hautashuka, na sitamdanganya. Lakini kodi iliyomo ndani ya bei ile imewekwa na sheria, na sheria ina siku yake ya kuzaliwa. Katiba inasema sheria ichapishwe katika Gazeti Rasmi ndani ya siku 7 baada ya kuidhinishwa, na ianze kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje siku nyingine. Katiba hiyo hiyo inakataza mtu kuhukumiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Yaani kwa kijana aliyeandika maneno makali mtandaoni usiku fulani, tarehe ndiyo ukuta kati ya kulala kwake na kulala korokoroni. Mwenye unga na asiye na unga, wote wanalala upande mmoja wa ukuta huo au upande mwingine.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanasema tukianza kudai karatasi kwa kila jambo tutaua imani, na nchi haiendeshwi kwa shaka. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona imegeuza mambo. Tazama wenye maduka mitaani kwetu. Ndugu na ndugu wakifungua duka pamoja huwa wanapendana na kuaminiana, tena sana, na bado wanaweka daftari. Wanaliweka ili wasije wakagombana. Siku mmoja akisema "hebu tuangalie vitabu", mwenzake hasemi ametukanwa. Na akinuna, hapo ndipo shaka huanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mamlaka ni mali, tena ni mali ya watu wengi iliyokabidhiwa mmoja.

Hata hivyo adabu ina mahali pake, na mimi sitaki kuitupa. Sidai kujua Rais alinong'onezwa nini na washauri wake, wala alilala saa ngapi usiku ule. Yapo mambo ambayo sheria yenyewe inaruhusu yafichwe, kama ya usalama wa taifa. Ninachoomba ni vitu vinne vilivyo kavu kabisa: siku mswada ulipotoka kwa Spika, siku ulipopokelewa, siku uliotiwa sahihi, na nakala ya kilichotiwa sahihi. Hayo si siri za moyo wa mtu. Ni kazi ya mkono wake, na mkono ule ulikuwa unatuandikia sisi.

Basi, mimi ni nani? Ibara ya 35 ya Katiba inasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari, iliyotiwa sahihi tarehe 31 Agosti 2016, inaeleza njia. Afisa ana siku 21 za kujibu. Kupeleka ombi hakulipiwi. Sababu zako za kutaka habari haziwezi kukupunguzia haki yako, hata kama anayekusoma anadhani una nia mbaya. Asiyejua kuandika ana haki ya kulisema ombi lake kwa mdomo na afisa akaliandika. Kwa hiyo lile swali la "wewe ni nani?" sheria imekwisha lijibu: raia, inatosha.

Kuna kifungu kimoja ambacho kinatuhusu hasa sisi tunaojifunza kuandika katika kurasa kama hizi. Sheria inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili chetu kimeachiwa mapenzi na misiba, kwamba serikali ikitaka kusema jambo la maana hubadilisha lugha. Hapa tumeachiwa mlango. Barua hiyo si ndefu: aya moja ya kutaja sheria, aya moja ya vile vitu vinne, jina na anwani. Haihitaji tamathali wala hasira. Mimi yangu nimeiandika, na nimeona ni vigumu kuliko shairi, kwa sababu kila neno lazima lishikike.

Andikeni na ninyi. Anwani ni ya ofisi ya umma, siku ni 21, na lugha ni hii hii.