Wajibu wa Mpishi kwa Mfungaji Mwenye Kisukari

Sheria ya Kiislamu humruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani, na kwa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, asiyetarajiwa kupona hutoa fidia, yaani kibaba cha chakula kikuu cha mji apewe maskini kwa kila siku asiyofunga. Hukumu hiyo inajulikana sana. Lisiloulizwa vya kutosha ni lile la magharibi, pale mwenye kisukari aliyeruhusiwa na daktari kufunga anapoketi mbele ya muhogo na magimbi ya nazi, vyakula vilivyojaa wanga, ambao tumboni huvunjwa ukawa glukosi, yaani sukari inayoingia katika damu. Je, kujizuia ni wajibu wake peke yake?

Wanga wenyewe hubadilika kwa namna unavyopikwa. Wali ulioiva ukapoa hujipanga upya, sehemu yake ikawa wanga sugu, yaani ule ambao vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviwezi kuuvunja, na kuupasha moto hakuondoi badiliko hilo lote. Hata hivyo faida yake ni ya kiasi, haihalalishi sahani iliyojaa wala kuacha dawa, na wali uliolala nje ya jokofu unaweza kumdhuru mlaji, hivyo kwa nyumba isiyo na jokofu ni salama zaidi kupunguza wali na kuongeza kunde au mbaazi, ambazo protini na nyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kupanda.

Wanazuoni hufundisha kwamba mwili ni amana, lakini hoja hiyo huelekezwa kwa mgonjwa tu, ilhali mara nyingi mgonjwa ni bibi mzee asiyeshika tena mwiko, anayekula anachopakuliwa. Kumhimiza awe na subira mbele ya sinia ambalo hakulichagua ni kumdai amana iliyo mikononi mwa wengine. Yupo atakayesema kwamba wazima nao wana haki ya futari tamu, na kwamba mgonjwa atengewe sahani yake. Hoja hiyo ina uzito, ila sahani ya pembeni humwondoa katika ushirika ambao ni sehemu ya ibada yenyewe. Lililo karibu zaidi na uadilifu ni uji upikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mkekani, na anayeitaka ajitilie.