JINA UNALO. JE, MWENYE JINA ANAKUJUA?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii! Hapo ulipo, iwe ni kijiweni, kituo cha basi au ufukweni unaposubiri ngalawa zirudi, isome mpaka mwisho. Ni dakika chache tu, lakini swali lililo ndani yake ni la milele.

Wewe ni wa kundi gani? Na siku ya shida, kundi hilo litakujua?

HERUFI ZILE ZILE, WATU WENGINE

Huko Marekani wanafunzi wa vyuo vikuu huunda vyama vya udugu, wavulana vyao na wasichana vyao, na vingi hupewa majina ya herufi za Kigiriki. Aliyekubaliwa huvaa herufi hizo kifuani na kutamba nazo. Mwaka 1917 wasichana waliokuwa wakisomea sheria New York waliunda chama, wakakiita Delta Phi Epsilon. Mwaka 1920, katika chuo cha Georgetown, Washington, wanafunzi waliotaka kazi za mambo ya nje nao wakaunda chama chao. Wakakiita nini? Delta Phi Epsilon! Jina lile lile, herufi zile zile tatu. Lakini ni vyama viwili, kila kimoja na wenyewe. Wa chama kimoja akibisha hodi kwa wenzake wa jina, yeye ni mgeni tu kama wageni wengine.

Usiwacheke Wamarekani. Hata pwani yetu tumeyajua mambo haya.

MARINI NA ARINOTI

Muulize mzee anayejua habari za zamani, atakusimulia ngoma ya beni. Ilianzia pwani ya Kenya, ikaingia Tanga na Dar es Salaam kabla ya vita ya 1914. Makundi yaliyovuma yalikuwa Marini na Arinoti. Walivaa sare kama wanajeshi, wakapiga tarumbeta, wakapeana vyeo vya kizungu, na mkubwa wao akaitwa Kingi. Vita ilipokwisha, maaskari na wapagazi walikuwa wameyafikisha majina hayo mpaka bara.

Yalikuwa na mema yake, sikatai. Mgeni alipokelewa na wenzake wa jina, mgonjwa akasaidiwa, maiti akazikwa kwa heshima. Lakini pia walishindana kwa sare na karamu mpaka watu wakafilisika. Na leo? Kingi wa Marini yuko wapi? Nani anakesha akibishania Arinoti? Jina lililowafanya watu watoane jasho, leo wajukuu wao hawalijui!

Kijana, hilo jina unalolipigania leo, miaka hamsini ijayo nani atalikumbuka?

MIMI MWENYEWE

Nilikuwa na kijiwe hapa Bagamoyo. Tulijipa jina la Kimarekani tuliloliona kwenye mikanda ya video. Tuliliandika ukutani na kwenye fulana. Bwana wee, tulijiona tumefika! Tukasikia Dar es Salaam, Kariakoo, kuna kijiwe chenye jina hilo hilo. Nikasema, ndugu zangu hao.

Siku moja nikafika mjini, nikaibiwa pesa zote. Jioni nikakitafuta kile kijiwe. Nikawakuta, fulana yangu kifuani, nikawaambia, “Washikaji, mimi ni mwenzenu.” Walinitazama juu mpaka chini. Mmoja akauliza, “Wewe nani? Nani anakujua hapa?” Wakacheka, wakaendelea na karata zao. Usiku ule nililala kwenye kibaraza cha duka, nikiwa na jina kifuani na njaa tumboni.

Swali lile halikunitoka. NANI ANAKUJUA HAPA?

WANA SABA WA SKEWA

Baadaye nilifungua Biblia, nikalikuta swali langu! Soma Matendo 19:13-16. Wana saba wa Skewa walimwona Paulo akitoa pepo kwa jina la Yesu. Wakasema, kumbe ni jina tu! Nao wakalitumia. Pepo akajibu kwamba Yesu anamjua na Paulo pia ana habari zake, lakini wao ni akina nani? Mtu yule mwenye pepo akawarukia, akawapiga, wakatoka mbio uchi na wenye majeraha.

Umeona? Jina lilikuwa la kweli. Nguvu ilikuwa ya kweli. Lakini wao hawakuwa wa Mwenye Jina.

Labda unaitwa Yohana au Maria. Labda una cheti cha ubatizo sandukuni na msalaba shingoni. Vizuri. Lakini kati ya wanafunzi wa Yesu walikuwapo Yuda wawili (Yohana 14:22). Jina moja: mmoja alimsaliti Bwana, mwingine hakumsaliti. Na katika Mathayo 7:21-23 Yesu anaonya kwamba wengi watalitaja jina lake siku ile, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Ee kijana, utajibu nini?

YUPO ALIYELIPA

Mwaka 1868 wamisionari walifika hapa Bagamoyo, wakawa wanakomboa watumwa. Mtumwa hakupata uhuru kwa kujiita huru. Hata angejiandika jina zuri namna gani, mnyororo ungebaki shingoni. Ilibidi mtu ALIPE.

Ndivyo Yesu alivyofanya, siyo kwa fedha bali kwa damu yake msalabani. Herufi za Kigiriki? Yeye mwenyewe anajiita Alfa na Omega, wa kwanza na wa mwisho (Ufunuo 22:13). Tena anawaita kondoo zake kila mmoja kwa jina lake (Yohana 10:3). Hataki fulana yako wala kiingilio chako. Anakutaka WEWE, uwe umelelewa katika dini gani au bila dini kabisa.

Wazee husema mji wetu uliitwa Bagamoyo kwa sababu hapa mpagazi aliyetoka bara kwa miguu alitua mzigo, akabwaga moyo. Na wewe umebeba mangapi? Bangi, uasherati, uchungu, hofu ya kesho? Tua leo! Usiseme kesho, kesho si mali yako.

SALI HIVI KWA MOYO WAKO WOTE

Bwana Yesu, nakuja kwako jinsi nilivyo. Mimi ni mwenye dhambi. Nimetafuta jina kwa watu, nikabaki peke yangu. Naamini ulinifia, ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, uandike jina langu katika kitabu cha uzima. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.

Umesali? Umeokoka! Mwambie mtu mmoja leo hii. Anza kusoma Injili ya Yohana, na utafute kanisa la watu waliookoka ukae nao. Ukimaliza karatasi hii, mpe mshikaji wako naye asome.

YESU ANAOKOA!