Kurithi si Kumeza

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Walituonya juu ya udhaifu wetu wa kupenda mapya, lakini hawakutuambia kipya kina wajibu gani kwa kile kilichokitangulia. Swali hilo laonekana dogo, mpaka kipya kinapokichukua cha kale na kukifanya kiungo chake. Hapo ndipo mtu anapouliza: je, cha kale kimehifadhiwa, ama kimemezwa? Na ni nani mwenye haki ya kutoa hukumu hiyo?

Nimeona vyema kulitafakari suala hili kwa njia ya michezo ya akili. Katika siasa na lugha, hoja hufunikwa upesi na hamasa. Mchezo una kanuni zilizo wazi, na anayezigusa huonekana mkono wake.

Nianze na mfano wa mbali. Mwaka 1997 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires, wa kujenga dola za kale na kuzipiganisha. Mwaka 1999 ukafuata wa pili, uliohamia katika zama za baadaye. Mwezi Mei 2023 wenye mchezo wakatoa nyongeza ya huo wa pili, wakaiita Return of Rome. Nyongeza hiyo ilizichukua jamii za mchezo wa kwanza, Wamisri, Wagiriki, Wababeli na wenzao, ikaziingiza ndani ya mchezo wa pili. Hata hivyo ziliwekwa katika ukumbi wao, zicheze baina yao. Warumi ndio waliopewa, zaidi ya ukumbi huo, nafasi katika mchezo mkuu. Majina yalihamia, na majengo yakahamia, lakini mtambo unaoviendesha vyote ni wa mchezo wa pili, na askari wa kale sasa hutembea kwa akili mpya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Je, huko ni kuhifadhi? Ili tupate mizani ya kupimia, turudi nyumbani, kwenye bao.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa bao, ila nitataja machache kwa ajili ya hoja. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64, kila mchezaji 32. Katika bao la kiswahili mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki huwa mkononi, naye huziingiza moja moja wakati wa namua. Zikisha, mtaji huanza. Bao la kujifunza halina mambo hayo. Kila shimo hutiwa kete mbili, nyumba haipo, mkono ni mtupu, na watu huanza kula mara moja. Kwa hiyo aliyemaliza namua katika bao kubwa hujikuta mahali panapofanana na pale alipofundishwa utotoni. Mchezo mdogo umo ndani ya mkubwa. Hata hivyo mkubwa haukuufuta mdogo. Mtoto bado anaweza kuucheza kwa kanuni zake, akaufurahia, asiambiwe kwamba anacheza kipande cha kitu kingine.

Sasa tuiache bahari, twende magharibi kabisa mwa Tanzania. Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni nchi ya Wahangaza, Wasubi na Wazinza. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza ni jirani wa karibu mno wa Kirundi. Anayevuka daraja la Rusumo huingia katika nchi ya igisoro. Anayeshika njia ya kaskazini hadi Uganda atakuta omweso. Kutoka upande wetu kimefika Kiswahili, na jina la bao pamoja nacho. Ndugu hawa wa ukoo mmoja wamekabiliana mpakani.

Ubao wa igisoro nao una safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64. Mpita njia atadhani ni mchezo mmoja wenye majina mawili. Sivyo. Katika bao huliwa kete za shimo moja tu, lile la safu ya mbele, nazo husambazwa kuanzia kichwani. Safu ya nyuma ni ngome, haiguswi na adui. Katika igisoro anayekula huchukua mashimo mawili yaliyomkabili, la mbele na la nyuma, mradi yote mawili yana kete. Kisha huzisambaza kuanzia pale alipoanzia mwendo wake. Huko hakuna ngome. Kinachomlinda mtu ni utupu: shimo lisilo na kete humwokoa jirani yake mwenye nazo. Bao humfundisha mtu kuijenga nyumba na kuilinda. Igisoro humfundisha kwamba mali iliyojaa mbele na nyuma ndiyo iliyo hatarini.

Tuseme basi kijana wa Biharamulo, mwerevu na mwenye nia njema, anataka kuunganisha hayo mawili. Anatunga mchezo unaoanza kwa nyumba na namua, na kete za mkononi zikisha, kanuni ya kula inageuka kuwa ya igisoro. Anauita nyongeza ya bao. Mimi ningempongeza, kwa sababu amechukua kanuni, nayo ndiyo roho ya mchezo. Lau angechukua jina tu, na vijiwe, na nakshi za ubao, kisha akaviendesha vyote kwa sheria za bao, mzee wa Ngara angekuwa na haki ya kusema kwamba amevuliwa kanzu yake akavishwa mtu mwingine. Hilo ndilo sharti la kwanza: anayerithi achukue sheria kabla ya pambo.

Sharti la pili ni kuuacha mlango wazi. Nyongeza isiwe ndiyo njia pekee ya kuufikia mchezo wa kale. Bao kubwa limelitimiza sharti hili kwa bao la kujifunza, na kila nyongeza ipimwe kwa mfano huo.

Najua patakuwa na mpinzani. Atasema: bila ya nyongeza cha kale kingekufa kabisa, na uhai wa ukumbi wa pembeni ni bora kuliko kaburi. Hoja hii ina nguvu, nami siipuuzi. Wengi wasingeujua mchezo wa 1997 lau usingebebwa mgongoni na mdogo wake. Lakini hisani haizai umiliki. Aliyemwokoa mtu majini hapati kwa hilo haki ya kumbadilisha jina.

Nchi ya Ngara inatukumbusha uzito wa jambo hili. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kufurika kutoka Rwanda kupitia Rusumo, na katika muda wa saa 24 hivi walikadiriwa kufika 250,000. Kambi ya Benaco ikawa mji. Mwezi Desemba 1996 Serikali ikawataka Wanyarwanda wawe wamerejea kwao kabla ya mwaka kwisha. Mwenye kukimbia huacha vingi, na ubao ni mzito. Kanuni hazina uzito. Anayezijua huchimba mashimo 32 katika udongo wa ugenini, akaokota vijiwe 64, na mchezo mzima ukawa umevuka mto pamoja naye. Aliyepoteza ubao hajapoteza mchezo. Aliyeachiwa ubao wa mninga wenye nakshi, asipate wa kumfunza, ndiye aliyepoteza.

Nasi watu wa pwani tusidhani kwamba haya ni ya wenzetu wa bara tu. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, Kiamu na lahaja nyingine zilipata ukumbi kamusini. Tushukuru. Ila neno la Kiamu haliishi kwa kuandikwa kamusini; huishi mshairi anapoliweka mahali pake, likabeba kina na mizani kama lilivyobeba tangu zamani. Kihangaza na Kisubi navyo leo vinaishi chini ya kivuli cha Kiswahili chetu, na haki tunayoidai kwa lahaja zetu hatuwezi kuwanyima wenye lugha hizo.

Basi kabla hatujaandika nyongeza yoyote, tukae kwanza na wanaoujua mchezo wa kale. Tuucheze kwa kanuni zake, tena kwa mwendo wake, mpaka watufunge mara nyingi. Aliyekwisha kushindwa hivyo ndiye atakayejua ni kipi cha kuhamisha, na ni kipi cha kukiacha mahali pake.